Nyumba ya urithi vyumba sita korido katikati, chumba kizima kinalaza masufuria watoto wanalala chini. Naombeni akili wadau

Mwana wa Mapipa
Wakuu salama? Naweka jambo langu kwa urefu maana nikilifupisha mtaniuliza maswali yale yale. Nyumba ni ya marehemu mzee, ipo Magomeni, zile nyumba zetu za kiswahili mnazozijua, baraza, mlango, korido imenyooka mpaka uani, vyumba vitatu kulia vitatu kushoto, choo bafu na jiko vipo uani. Zamani vyumba viwili vya mbele vilikua na wapangaji, wa mwisho kaondoka mwaka jana tukasema basi hatuweki mtu tena familia imeongezeka.

Tupo tisa. Bi mkubwa, mimi na mke wangu na watoto watatu (wa kike wawili wa kiume mmoja), dada yangu na wanae wawili wa kiume. Sebule moja, chumba cha mama analala na wajukuu wa kike, chumba chetu, chumba cha dada, kingine mke wangu ana cherehani zake mbili anashona humo ndo ugali wa nyumba nao unatoka humo sikigusi. Cha sita sasa, ndo penye uzi. Cha sita ni stoo. Chumba kizima! Masufuria ya shughuli, majamvi, mikeka, madumu, baiskeli ya marehemu, mabegi ambayo hakuna anayejua ya nani, na kasha la bibi. Wale wavulana watatu kila usiku wanatandika magodoro sebuleni, asubuhi wanayakunja wanayaweka wapi? Stoo, juu ya masufuria.

Vipimo: vyumba ni futi 10 kwa 10, korido upana futi 6 urefu kama 32. Ukuta tofali za inchi 6 isipokua chumba cha mama ndo kipande cha zamani kabisa cha miti na udongo kimepigwa plasta juu. Juu mabati, vyumba vitatu tu vina jipsamu. Hela ninayo kidogo sio ya kubomoa nyumba. Nataka wavulana wapate chumba, nguo zipate pa kukaa, na nyumba ipendeze basi sio kila mgeni akija tunafunga milango haraka haraka. Nianzie wapi?

Mpangaji Mstaafu
Nimekaa mkao wa kula. Niliwahi kupanga nyumba kama hiyo miaka minne, korido ndo ilikua sebule, jiko, uwanja wa mpira na mahakama ya wapangaji.

Ngosha wa Kinyerezi
Mkuu usipoteze muda na nyumba ya mkoloni. Uza Magomeni kwa bei nzuri njoo huku nunua kiwanja kikubwa jenga ya kisasa masta mbili, jiko la ndani, stoo, pakingi. Utanishukuru.

Mwana wa Mapipa
@Ngosha nyumba sio yangu peke yangu mkuu na bi mkubwa hahami. Kasema atatolewa hapo amebebwa. Mada nyingine.

Sheria Kidogo
Hapo kwenye "sio yangu peke yangu" ngoja nikusimamishe kidogo. Mirathi mshagawana? Maana kama ni kwa Kiislamu mama ana thumuni yake kwa sababu marehemu kaacha watoto, kinachobaki mtoto wa kiume anachukua mafungu mawili wa kike moja. Mpo wangapi jumla? Kila mfuko wa saruji unaopiga kwenye ule ukuta unaupiga kwa wote, siku ya kugawana hakuna atakayekumbuka tailizi ulinunua wewe, nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa ajili ya geti tu. Kaeni kikao, msimamizi wa mirathi awepo, andikeni karatasi nani katoa nini. Na kama hamtaki kuandika basi weka hela kwenye vitu vinavyobebeka, kabati la kusimama, kitanda, shelfu. Usijengee kitu ukutani.

Mwana wa Mapipa
Tupo wanne, wawili wapo mikoani. Kikao tutafanya in shaa Allah, nadhani hawana neno.

Sheria Kidogo
Wote huwa "hawana neno" mpaka siku nyumba inauzwa.

Fundi Mchundo
Seremala hapa, miaka 19 kwenye mbao, nilianzia Keko. Nitakupa hesabu kwanza maana watu wengi wanakuja na picha za simu wanataka kabati kama la kule, chumba chenyewe futi 10.

Chumba chenu: kitanda 5 kwa 6. Kabati la nguo linalotundika hanga linataka kina cha futi 2, usikubali fundi akupunguzie mpaka futi moja na nusu kuokoa mbao, hanga yenyewe ina upana wa sentimita 45 hivi, mlango utakua unakaba mashati kila siku. Sasa ukiweka kabati upande wa miguuni, 10 toa 2 inabaki 8, kitanda kimekula 6 na fremu yake, umebaki na futi moja na kitu, mlango wa kabati hata haufunguki. Ukiliweka ubavuni 10 toa 2 toa 5 unabaki na futi 3 za kupita, mtu anavaa suruali bila kukaa kitandani. Kwa hiyo ubavuni, ukuta mzima futi 10, lipande mpaka juu karibu na dari, pale juu ndo pa mabegi na mablanketi. Milango ya kusukuma pembeni kama hela inaruhusu, ile ya bawaba inakula njia.

Shelfu usivushe futi 3 bila nguzo katikati, MDF ya mm 18 ukiijaza nguo inalegea kama kamba ya kuanikia. Na mbao yoyote isiguse sakafu, nyumba hizo mchwa wanazijua kuliko mwenye nyumba.

Wavulana watatu: dabodeka na chini yake kitanda cha tatu cha kuvuta chenye magurudumu, mchana kinaingia chini chumba kinabaki na nafasi. Ila angalia kama chumba hicho kina pangaboi. Mtoto wa juu akikaa akanyoosha mikono, unanielewa. Toa pangaboi weka feni ya ukutani.

Mama Tatu Bila
Kaka zangu mmeanza mbao kabla ya vitu. Mwenye uzi hayo masufuria ni mangapi? Yanatumika lini? Nani anayaazima? Umemuuliza mama au umeona ni mzigo tu? Mimi mama mkwe wangu tulimchukulia hivyo hivyo "mama vitu vya zamani hivi" kumbe vile vyombo ndo mtaa mzima unavitegemea, msiba ukitokea saa saba usiku wanakuja kugonga kwake. Toa vyote uani siku ya jumapili, vigawe: vya kila siku, vya kila mwezi, vya mwaka mara moja, vya hakuna mtu. Halafu ndo umwite fundi.

Mwana wa Mapipa
Aisee dada umenigusa. Tumetoa leo. Masufuria makubwa 11, makubwa kweli, moja mdomo wake unakaribia futi 2 na nusu. Sahani sikuhesabu ni magunia. Majamvi 6. Mama alikaa kwenye kiti barazani ya uani anasimamia kama bwana afya. Kila nikishika kitu kina historia, hili la harusi ya fulani, hili lilitoka Bagamoyo. Ila kasema mwenyewe madumu 14 yaliyopasuka yaende na mabegi yale manne yakafunguliwa, mawili yalikua magazeti. Magazeti wakuu. Tumelaza magodoro miaka sijui mingapi juu ya magazeti.

Kuhusu kuazima ni kweli, wiki hii tu wamekuja mara mbili.

Mama Tatu Bila
Umeona sasa. Hayo masufuria hayatakiwi kuwa chumbani kabisa, yanatakiwa yawe karibu na mlango wa uani anayeazima asipite sebuleni kwenu. Hiyo ndo stoo yako.

Mie wa Mkunazini
Nasoma tu kutoka Unguja nikasema nichangie. Nyie wa bara mnahangaika na makabati, wazee wetu walishamaliza. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu ukuta una zidaka, vile vishubaka vya ndani ya ukuta, wengine wanapanga safu kwa safu chumba cha ndani, vinakaa sahani za Kichina, vitabu, chetezo, na vinapendeza kuliko kabati lolote. Na vyumba vyao vyembamba vile sio ushamba, boriti za mikoko urefu wake ndo huo huo kwa hiyo chumba hakizidi hapo, wakaifanya nafasi ndogo ifanye kazi. Mie ningelikuwa wewe ningelichimba zidaka koridoni kote, nikapiga chokaa nyeupe, hamna haja ya mbao wala mchwa.

Mwana wa Mapipa
Wazo limenikaa hili!! Fundi Mchundo unasemaje nitoboe korido?

Fundi Mchundo
Usiguse!! Mkuu soma vizuri, ukuta wa kule ni matumbawe na chokaa unene wake unafika nusu mita na wakati mwingine zaidi, ukichimba kishubaka cha kina cha shubiri bado umebaki na ukuta. Wewe una tofali ya inchi 6 na juu yake limekaa paa. Ukichimba inchi 4 umebaki na inchi 2 na plasta, na zile za katikati ndo zimebeba kenchi. Chumba cha mama ndo kabisa, miti na udongo, hapo hata kabati la kutundika usipige.

Ukitaka sura ya zidaka ongeza kwa nje, usichimbe. Yani unasimamisha shelfu ya kina cha futi moja tu kwenye upande mmoja wa korido, unaigawa vyumba vyumba kama vidaka, juu unaweka upinde wa jipsamu ukipenda. Korido futi 6 toa 1 unabaki na 5. Futi moja inatosha viatu, nguo zilizokunjwa, sahani, vitabu vya shule, madaftari. Urefu futi 32 toa milango mitatu ya upande huo bado una futi zaidi ya ishirini za shelfu. Hakuna chumba hapo ndani kina nafasi hiyo.

Mie wa Mkunazini
Haya fundi nimekubali. Upinde usisahau lakini.

Babu Asali
Vijana ngoja niongee neno la kizee. Korido ya nyumba ya kiswahili msiijaze. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba hizo Temeke. Ile korido ni ya harusi na ya jeneza. Siku ya msiba watu wanabeba wanapita, wanne kushoto kulia, pamoja na waliobeba inataka upana. Na siku ya harusi wanawake wanakaa chini humo kwenye majamvi toka mlango wa mbele hadi uani. Pimeni kwa hilo sio kwa kabati.

Mwana wa Mapipa
Babu umenifunga mdomo. Nimemsomea mama kasema "huyo ana akili mwiteni aje kunywa chai".

Fundi futi 5 zinatosha jeneza?

Fundi Mchundo
Zinatosha na wabebaji wake, ila shelfu iwe upande mmoja tu na isivuke futi moja hata inchi. Kona zake zizungushwe zisichane watu. Na isiwe ya kujengea, iwe vipande vipande futi 3 futi 3 vinavyobebeka, ikibidi vinatolewa barazani nusu saa.

*(miezi mitano baadae)*

Mwana wa Mapipa
MREJESHO. Najua mlisema huyu kapotea. Wakuu nimekuja na aibu.

Sikumsubiri Fundi Mchundo maana alikua na kazi Dodoma, jirani akaniletea fundi wake, kijana ana maneno mazuri ana picha nyingi kwenye simu. Akasema shelfu za kubebeka ni za kizamani tujengee kabati la ukutani kabisa korido nzima, MDF nyeupe, milango, limebana ukutani limegandishwa na kukaa juu ya sakafu, linang'aa kama hoteli. Milioni moja na laki nne. Nikasaini kwa macho.

Wiki mbili tulikua tunapita pita tu kulitazama. Dada akapanga nguo za watoto, mke wangu vitambaa vya wateja. Halafu umeme ukaisha saa tatu usiku. LUKU ipo wapi? LUKU ipo koridoni. Korido ipo nyuma ya kabati. Jamaa kaifunika mita, kaacha kitundu cha kutosha mkono mmoja wa mtoto, nikamtuma mwanangu wa miaka tisa aingize tokeni kwa kupapasa namba tarakimu ishirini mimi namsomea na tochi ya simu. Mara ya tatu ndo ikakubali. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini mimi sikucheka.

Hiyo ndogo. Masika yakaingia. Upande ule ukuta toka zamani rangi inabanduka chini mpaka magotini hivi, sisi tulizoea. Mwezi wa nne tukaanza kusikia harufu. Nikafungua mlango wa chini, nguo zina ukungu wa kijani, vitambaa vya wateja viwili vimeharibika tumelipa, na MDF ya chini imevimba kama andazi. Ukiibonyeza kidole kinaingia.

Nipigeni tu.

Ngosha wa Kinyerezi
Nilikwambia uza 😂😂

Fundi Mchundo
Pole mkuu. Sitakupiga, ila ngoja nieleze maana wengine watasoma. Nyumba za miaka ile nyingi hazikutandazwa nailoni kwenye msingi, maji ya ardhini yanapanda na ukuta kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, yanafika magotini mpaka kiunoni yanatokea nje yanakauka yanaacha chumvi, ndo hiyo rangi inayobanduka. Ukuta ulikua unapumulia hapo. Yeye kauziba kwa ubao na gundi. Maji yakaenda wapi? Kwenye nguo zako. Na wengi wanakosea wanapaka rangi ya mafuta wakidhani wanazuia, maji yanapanda juu zaidi yanatafuta pa kutokea. Bora chokaa.

MDF haijawahi kupenda maji, hasa kwenye ukingo wa chini uliokatwa haukufungwa.

Fanya hivi: bomoa ile ya chini, okoa milango na mbao za juu zilizo nzima. Chongesha fremu ya mbao za Mafinga zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani, au kama kuna hela mninga ila kwa korido ni kufuru. Miguu inchi 6 toka chini. Mgongoni usiweke ubao, au weka wavu, na uache vidole vitatu kati ya kabati na ukuta. Vipande futi 3. Mbele ya LUKU usiweke kitu kabisa, pale ndo weka kioo cha kutundika kama mlango.

Sheria Kidogo
Yani mambo aliyosema fundi na niliyosema mimi yamekutana. Kisichojengewa ukutani hakivimbi na hakigawanywi.

Mama Tatu Bila
Inchi 6 ni ndogo kwa Magomeni. Mmesahau Desemba 2011? Mto Msimbazi ulipofurika kuna nyumba za mabondeni maji yalifika dirishani, watu wakapelekwa Mabwepande. Mwenye uzi nyie mlikua upande gani?

Mwana wa Mapipa
Kwetu yaliingia mpaka ugokoni dada, sio mabondeni kabisa lakini yaliingia. Mama anasema kila kilichokua chini ya goti kilikwenda, kasha likapona kwa sababu lilikua juu ya tofali. Leo hii bado lipo juu ya tofali, sikuwahi kuuliza kwanini.

Fundi Mchundo
Basi miguu futi moja. Chini yake viatu na ndala tu.

Nipo Minneapolis
Nasoma na kahawa huku barafu nje. Huku kila chumba kina klozeti ndani ya ukuta wa jipsamu, mbao nyembamba katikati, ukuta wenyewe ukipiga ngumi unatoka upande wa pili. Nafasi ya nguo ninayo mpaka imebaki. Ila sufuria la pilau la watu 40 nililobeba kwenye begi toka Dar lipo kwenye buti ya gari mwaka wa sita, hakuna mjenzi wa huku aliyeliwazia.

Mwana wa Pwani 254
Mombasa hapa, Kisauni. Sisi tulitoa vitu vyote vizito juu ya dari tukashusha. Babangu alikua ameweka masanduku juu ya siling, siku moja jipsamu ikashuka na sanduku la vitabu kitandani, shukuru Mungu hakukuwa na mtu. Kenchi ni za kubeba mabati si mizigo. Na joto la chini ya mabati linapika plastiki, tulipata beseni zimepinda kama chapati.

Mie wa Mkunazini
Na mtungi wa gesi jamani. Naona watu wanaufungia ndani ya kabati la jiko eti kupendeza. Gesi ile nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini ndani ya kabati inangoja cheche. Mtungi ukae nje, mpira upite ukutani.

*(wiki saba baadae)*

Mwana wa Mapipa
Mrejesho wa mwisho, na safari hii bila aibu.

Fundi Mchundo karudi toka Dodoma kaja mwenyewe, siku mbili anapima tu. Kikao cha ndugu kilifanyika kwa simu, tuliandika karatasi, mmoja alikua na neno kweli kama alivyosema Sheria Kidogo (alitaka baiskeli ya mzee, tumempa).

Stoo ya uani: tumepandisha sakafu tofali mbili pembeni ya ukuta wa uzio hatua nne toka mlango wa nyuma, futi 8 kwa futi 3, fremu ya skwea paipu, kuta za wavu, paa la bati lenye mtelemko wa kumwaga maji nje sio ndani. Nilipita serikali ya mtaa kuuliza kwanza wakanielekeza manispaa, usumbufu wa siku tatu lakini bora. Masufuria mazito shelfu ya chini na ya kiunoni, yanaingiliana moja ndani ya jingine, majamvi yamesimamishwa kwenye pipa, sahani kwenye makreti ya soda ya kubeba mawili mkononi. Mama ana ufunguo mmoja, dada mmoja. Mtungi wa kilo 15 upo nje upande wa pili kwenye kizimba chake mbali na jiko la mkaa. Stoo yote laki tisa na ushee pamoja na kuchomelea.

Korido: vipande sita vya futi 3, miguu futi moja, mgongo wa wavu, mbao za Mafinga zimepakwa nyeupe, ndani ya vishubaka rangi ya samawati ya bahari, na mkuu wa Mkunazini upinde upo! Sio jipsamu, ubao umechongwa tu. Kila mtoto ana vidaka viwili vyake na viatu chini. Ile milango ya MDF iliyopona imegeuka meza ya kushonea ya kukunja, imefungwa kwenye ukuta wa tofali, mke wangu kapata futi 4 za sakafu kwenye chumba chake na anasema sasa wateja wanakaa kwenye kiti sio kwenye marobota.

Ukuta tumekwangua rangi ya mafuta chini tukapiga chokaa. Unatoa unga unga kidogo, tunafagia.

Chumba cha sita kina dabodeka na kitanda cha kuvuta. Pangaboi limetoka. Usiku wa kwanza wale wavulana hawakulala, walikua wanapandana tu mpaka saa sita, mimi nimekaa sebuleni peke yangu. Sebule ilikua tupu. Nilikua sijawahi kuiona sebule yetu usiku ikiwa haina mtu chini.

Kasha la bibi lilileta mjadala, mke wangu alitaka lifungwe stoo, mama akakataa. Sasa lipo sebuleni chini ya dirisha juu ya tofali zile zile tumezivika kitenge, juu yake kimto, ni kiti cha watu wawili, ndani mna mashuka ya wageni. Kila anayeingia anaanzia hapo.

Ambacho sijamaliza ni dari la vyumba vitatu, joto bado la mabati, nangoja hela.

Babu Asali
Korido mmepima?

Mwana wa Mapipa
Tulipima babu. Futi 5 na inchi moja. Na wiki iliyopita kulikua na arusi ya jirani wamekaa kina mama toka mlango wa mbele mpaka uani kama ulivyosema, vile vishubaka wakawa wanawekea mikoba na glasi za juisi.

Mpangaji Mstaafu
Tupia picha mkuu tumekuja na uzi huu tangu kiangazi.

Mwana wa Mapipa
Kesho mchana kukiwa na mwanga. Leo kuna masufuria matatu yameazimwa kwa ajili ya hitma na moja la arusi bado halijarudi, mama anasema lipo tu kwa majirani halina haraka. Shelfu ya chini ina nafasi kwa hiyo, na nimerudi jioni nimekuta mke wangu kashaweka marobota mawili ya vitenge pale. Mama bado hajaona.